Zana za Kupanga Kazi na Kutatua Matatizo kwenye Timu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tuanze na zana ipi?

Zana ije baadaye. Timu ikiniuliza "tutumie mfupa wa samaki au mchoro wa mti?", huwarudishia swali: ni kitu gani hasa ambacho leo hamkijui? Kama hamjui tatizo ni kubwa kiasi gani, kaeni mhesabu. Kama ukubwa mnaujua ila chanzo hakijulikani, kichimbeni chanzo. Kama chanzo kiko wazi na mnachobishania ni dawa, mnahitaji zana ya kuchagua. Mkishachagua ndipo mpange: nani, lini, na kipi kitangulie kipi.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni timu kuingia kikaoni na dawa mkononi, kisha kuitafutia ugonjwa. Mtu keshaona programu mpya mahali, keshaipenda, na saa mbili za "uchambuzi" zinatumika kumtafutia sababu ya kuinunua.

Tatizo linaandikwaje?

Kwa sentensi moja inayosema nini kinatokea, wapi, mara ngapi na kwa nani. Sentensi hiyo isitaje chanzo wala suluhisho. Tazama hizi tatu:

"Stoo haina mfumo wa kompyuta." Hili ni suluhisho lililovaa nguo za tatizo. Kila sentensi inayoanza na "hatuna" au "hakuna" itilieni shaka.

"Wafungashaji ni wazembe." Hii ni hukumu, na kesi bado haijasikilizwa.

"Kati ya oda 900 za mwezi uliopita, 54 zilimfikia mteja zikiwa na bidhaa isiyo yake." Sasa tuna pa kuanzia. Mwezi ujao tutahesabu tena na kujua kama tumesogea.

Mfano huu wa oda nimeubuni, ila nitaendelea nao hadi chini ili zana zote zionekane zikifanya kazi mahali pamoja.

Malalamiko ni mengi. Tushughulikie yapi kwanza?

Yapangeni kwa mafungu, hesabuni kila fungu, kisha chora vibao kuanzia kirefu kuelekea kifupi. Hiyo ndiyo chati ya Pareto, iliyopewa jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia aliyechunguza namna mali inavyogawanyika kati ya watu. Aliyeileta kwenye usimamizi wa ubora ni Joseph Juran, ambaye alipenda kuzungumzia "machache yenye uzito".

Tuseme malalamiko ya mwezi ni 120: bidhaa isiyo yenyewe 54, kuchelewa 31, bei ya ankara kutofautiana na ya oda 18, kifurushi kuharibika 9, mengineyo 8. Mafungu mawili ya kwanza yanafika 85, yaani karibu asilimia 71 ya yote.

Watu wengi huishia hapo. Mimi ningewaomba mchore chati ya pili kwa data zilezile, safari hii mkipima gharama badala ya idadi. Vile vifurushi 9 vilivyoharibika huenda vina hasara kuliko ankara zote 18, kwa sababu ankara husahihishwa kwa barua pepe ilhali kilichovunjika hulipwa upya. Chati mbili zikikubaliana, endeleeni bila wasiwasi. Zikipingana, mmegundua jambo ambalo kikao cha mdomo kisingeligundua.

Na fungu la "mengineyo" likiwa refu kuliko majirani zake, mafungu yenu hayafai. Panga upya.

"Kwa nini" ni lazima ziwe tano?

Si lazima. Mtindo wa kuuliza "kwa nini" mara tano ulikulia Toyota, na tano ni ukumbusho tu wa kutoridhika na jibu la kwanza. Wakati mwingine tatu zinatosha, wakati mwingine saba hazitoshi.

Turudi kwenye oda 54. Kwa nini mteja alipata bidhaa isiyo yake? Mfungashaji alichukua ya rafu ya jirani. Kwa nini? Lebo za rafu mbili zinatofautiana kwa tarakimu moja. Kwa nini? Namba hutolewa kwa kufuata siku bidhaa ilipoingia, hivyo zinazofanana huingia pamoja na kukaa pamoja. Kwa nini hazitenganishwi? Anayetoa namba hajui rafu zinapangwaje, na anayepanga rafu hajawahi kuulizwa.

Angalieni tulikopita. Swali la pili lingeweza kujibiwa "kwa sababu hakuwa makini", na safari ingekwama hapo kwa onyo la maandishi. Jibu likimwangukia mtu, ulizeni tena: ni kitu gani kilifanya kosa hilo liwe rahisi kutendeka?

Kuna kipimo kizuri cha mnyororo wa namna hii. Usomeni kutoka chini kwenda juu mkiunganisha kwa "kwa hiyo". Mahali "kwa hiyo" inapogoma, kuna kiungo kimerukwa. Halafu mkumbuke kwamba kila "kwa nini" ina majibu zaidi ya moja. Mkifuata tawi moja tu, mtafika mahali, ila huenda si penyewe.

Basi mfupa wa samaki unaongeza nini?

Unaongeza matawi. Mhandisi wa Kijapani Kaoru Ishikawa aliuchora hivi: kichwani tatizo, mgongoni mstari, mbavuni makundi ya vyanzo. Kiwandani makundi ya kawaida ni watu, mashine, malighafi, njia ya kufanyia kazi, vipimo na mazingira. Ofisini badilisheni mnavyoona inafaa: taratibu, taarifa, mifumo, watu.

Onyo langu ni moja tu. Kilichoandikwa kwenye mfupa ni washukiwa, hakuna aliyehukumiwa. Nimewahi kuongoza kikao kilichojaza mfupa mzuri wenye vyanzo zaidi ya thelathini, tukapiga kura kuchagua "chanzo kikuu", tukapiga makofi, tukaenda kula. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesogea hadi kwenye rafu kutazama, na chanzo tulichokipigia kura hakikuwepo kabisa. Kura hupima imani ya watu waliomo chumbani. Mkishachora mfupa, teueni washukiwa watatu au wanne na mwandike mbele ya kila mmoja: tutaenda kuangalia nini, na tukiona nini tutamwachia huru?

Takwimu za wiki hii zimeharibika. Tuitishe kikao cha dharura?

Pengine hapana. Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote humu, maana ndipo muda mwingi wa mameneja unapopotelea.

Chukua oda zilizochelewa kwa wiki nane: 14, 11, 16, 12, 15, 13, 10, 17. Wiki ya saba bosi alisifu, ya nane akafoka. Sasa tuhesabu kwa chati ya mipaka, inayoonyesha namba zinaweza kuyumba kati ya wapi na wapi. Wastani ni 13.5. Tofauti kati ya kila wiki na iliyofuata ni 3, 5, 4, 3, 2, 3, 7, na wastani wa tofauti hizo ni kama 3.9. Zidisha kwa 2.66, namba ya kudumu ya chati hii, upate kama 10. Jumlisha na utoe kwenye wastani: mfumo huu, kama ulivyo, utatoa chochote kati ya 3 na 24 bila jambo lolote jipya kutokea. Ile 17 haina habari. Hata 10 haikustahili pongezi.

Chati hii ya mipaka ina mizizi kwa Walter Shewhart, aliyechora ya kwanza mwaka 1924 akishughulikia ubora wa vifaa vya simu Marekani. Alitenganisha kuyumba kwa kawaida, kunakotoka ndani ya mfumo wenyewe, na kuyumba kwenye sababu mahususi. Ukiona namba nje ya mipaka, tafuta kilichotokea wiki hiyo. Namba zikiwa ndani ya mipaka ila wastani wenyewe hukuridhishi, kuwafokea watu hakusaidii, badilisha mfumo. Wiki nane ni chache, kwa kweli. Mkifikisha ishirini mipaka itatulia zaidi.

Nasikia kuna "zana saba mpya". Ni zipi, na kwa nini "mpya"?

Upya wake ni wa miaka ya 1970. Umoja wa wanasayansi na wahandisi wa Japani, unaojulikana kwa kifupi chake JUSE, ulikuwa umeshaeneza viwandani zana saba za awali, nyingi zikiwa za namba: Pareto, mfupa wa samaki, chati ya mipaka na wenzake. Mameneja wakauliza: na sisi ambao matatizo yetu ni ya maneno? Mipango, malalamiko, mawazo yanayogongana? Ndipo zikakusanywa saba nyingine: mchoro wa makundi, mchoro wa mishale ya uhusiano, mchoro wa mti, jedwali la mikato, uchambuzi wa data za jedwali, chati ya mpango wa tahadhari, na mtandao wa kazi. Ile ya tano ina hesabu nzito, hivyo timu nyingi huiweka kando na kutumia jedwali la kupima vipaumbele.

Sijawahi kuona timu ikihitaji zote saba kwa jambo moja. Mbili au tatu zikifuatana vizuri zinatosha.

Mchoro wa makundi unafanywaje bila kugeuka kelele?

Kwa ukimya, na simaanishi ukimya wa nusunusu. Mbinu hii ilitoka kwa Jiro Kawakita, mwanaanthropolojia wa Kijapani aliyefanya utafiti Nepal na kurudi na lundo la maandishi ya nyanjani yasiyoingia kwenye fomu yoyote. Akaandika kila jambo kwenye kadi yake, akazitandaza, akaziacha zikaribiane zenyewe. Wajapani huiita mbinu ya KJ, kwa herufi za jina lake likianza na la ukoo.

Gawa karatasi za kunata na maka peni nene; kalamu nyembamba haisomeki ukutani. Kila karatasi ibebe wazo moja lenye kitenzi. "Mawasiliano" si wazo. "Dukani hawajui oda imetoka stoo saa ngapi" ni wazo. Baada ya dakika kumi bandikeni zote, msimame mbele ya ukuta, kila mtu asogeze karatasi anazoona zinahusiana bila kusema neno. Karatasi ikihamishwa huku na huko mara tatu, iandikeni nakala na kuiweka kote kuwili.

Majina ya makundi huja mwishoni kabisa. Mkianza na majina, "fedha", "watu", "teknolojia", mnazipangia karatasi nyumba kabla hazijasema zinatoka wapi, na mtaondoka na mgawanyo uleule wa idara mliokuja nao. Karatasi moja ikibaki peke yake, iacheni. Mara kadhaa nimeona yatima huyo ndiye aliyebeba jambo ambalo kila mmoja alilijua na hakuna aliyetaka kulisema.

Makundi yamepatikana, lakini yote yanaonekana muhimu. Tufanyeje?

Hapo pana mishale. Andikeni makundi kwa duara ukutani. Chukueni mawili mawili na mwulize: hili linasababisha lile, au lile hili? Choreni mshale mmoja kutoka chanzo kwenda tokeo, na mwiko ni mshale wenye vichwa viwili. "Yote mawili" ni jibu la kukwepa. Amueni upi una nguvu zaidi. Kisha hesabuni. Penye mishale mingi inayotoka ndipo pa kuanzia kazi. Penye mishale mingi inayoingia ndipo pa kupimia kama kazi imezaa matunda. Kwa kawaida kelele za watu ziko kwenye inayoingia, kwa sababu maumivu huonekana pale.

Kupima vipaumbele kwa alama kunaaminika?

Kiasi. Tuseme vigezo ni vitatu: manufaa kwa mteja uzito 5, urahisi uzito 3, gharama kuwa ndogo uzito 2. Pendekezo la kwanza, kubadilisha lebo zote, linapata alama 4, 2 na 5. Pendekezo la pili, mtu wa pili kukagua kabla ya kufunga, linapata 3, 5 na 4. Zidisha na ujumlishe: la kwanza 36, la pili 38. La pili limeshinda?

Badili uzito kidogo uwe 6, 2 na 2. La kwanza linapata 38, la pili 36. Limepinduka, na hakuna aliyegusa alama. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na jedwali la namna hii lina ngozi nyingi za kuvutia. Kwa hiyo kubalianeni uzito kabla ya kuona mapendekezo, na mkifika mwisho jaribuni kuutikisa. Mshindi akianguka kwa mtikiso mdogo, jedwali linawaambia kwamba mapendekezo hayo mawili yanalingana. Chagueni kwa sababu nyingine na muitaje waziwazi.

Tunapangaje kazi ili tujue itaisha lini?

Kwanza mti: lengo kushoto, matawi kulia, kila tawi likijibu "kwa kufanya nini?" hadi mfike kwenye kazi ambayo mtu mmoja anaweza kupewa kesho asubuhi. Kisha mtandao wa kazi. Mtandao huu ulikua pande mbili karibu wakati mmoja: kampuni ya DuPont mwishoni mwa miaka ya 1950, na jeshi la majini la Marekani mwaka 1958 kwenye mradi wa makombora ya Polaris, ambako uliitwa PERT.

Mfano wa mfumo mpya wa lebo: kuandika mahitaji siku 4; baada yake kuagiza mashine ya lebo siku 10, na sambamba kuandaa mwongozo siku 6; mashine ikifika, kuifunga siku 3; mwisho, kufundisha watu siku 2. Njia ya mashine ni 4+10+3+2, siku 19. Njia ya mwongozo ni 4+6+2, siku 12. Kazi yote basi ni siku 19. Mwandishi wa mwongozo ana mwanya wa siku 7, na anayeagiza mashine hana hata siku moja. Umeshajua simu ya kila asubuhi umpigie nani.

Makadirio yakiwa ya kubahatisha, watu wa PERT huomba siku tatu badala ya moja: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, yakienda kombo. Ile ya kawaida huzidishwa kwa 4, zote hujumlishwa, jibu hugawanywa kwa 6. Siku 2, 4 na 12 zinatoa 5. Binafsi hesabu hiyo hunisaidia kidogo. Kinachonisaidia ni kumuuliza mtu kwa nini alitaja 12. Hapo ndipo hadithi ya msambazaji asiyejibu barua hutoka.

Hiyo hadithi tunaiweka wapi?

Kwenye chati ya tahadhari. Chini ya kila kazi nyeti andika kinachoweza kwenda kombo, na chini yake mtakachofanya. Njia ya mkato ni ile aliyoieleza mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007: ambieni timu kwamba miezi sita imepita na mradi umekufa, kisha kila mtu aandike umekufaje. Mtu aliyeogopa kuonekana mpinzani alipoulizwa "kuna hatari gani?" huandika bila woga akiulizwa kuhusu maiti iliyokwishalala.

Bosi akiwepo watu hawasemi. Tumtoe?

Si lazima. Mpeni karatasi na kalamu kama wengine, andikeni kimya kabla ya mtu yeyote kuzungumza, na yeye awe wa mwisho kutoa maoni na wa mwisho kupiga kura. Akishindwa kunyamaza dakika kumi, hapo nitakubaliana nanyi kwamba atoke.

Uchambuzi wa SWOT bado una maana?

Una maana ukiwa nusu ya kazi. Timu nyingi hujaza vyumba vinne, nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, na kuondoka. Mwaka 1982 Heinz Weihrich, mwalimu wa usimamizi, alipendekeza kuvikutanisha: nguvu ipi inatuwezesha kuchukua fursa ipi, udhaifu upi utatuumiza kitisho kipi kikija. Bila mikutano hiyo mmeandika orodha nne tu.

Majukumu yanagawanywaje?

Kwa lile jedwali la mikato: kazi kushoto, watu juu, alama kwenye mikato. Kila mstari uwe na mtu mmoja tu anayewajibika. Wakiwa wawili hakuna, na mtabaki mkitazamana nani amfunge paka kengele. Safu ya mtu mmoja ikijaa alama, mmeona mapema mradi utakwama wapi.

Tunahitaji programu maalumu? Na timu iliyotawanyika je?

Lahajedwali na ukuta vinatosha kwa karibu kila kitu kilichotajwa hapa. Timu iliyotawanyika itumie ubao wowote wa mtandaoni, kamera ziwashwe, na kuandika kimya kubaki palepale. Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakifika kumi na mbili wagawe.

Tutajuaje kama tumefanikiwa?

Rudini kwenye sentensi ya kwanza. Oda 54 kati ya 900 sasa ni ngapi kati ya ngapi? Mzunguko wa panga, tenda, kagua, rekebisha huhusishwa na W. Edwards Deming, mtaalamu wa ubora wa Kimarekani, ingawa mwenyewe alimtaja Shewhart na baadaye alipendelea neno "jifunze" mahali pa "kagua". Tofauti si ya maneno tu. Anayekagua huuliza kama kazi ilifanyika, anayejifunza huuliza kama alichotabiri kilitokea. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha lebo, andikeni mnatarajia 54 ishuke hadi ngapi na kufikia lini, mbandike karatasi hiyo karibu na rafu. Jaribuni rafu chache kwanza. Idadi isiposhuka, mfupa wa samaki bado uko ukutani. Rudini kwa mshukiwa wa pili.